Mwezi wa Kujaribia

Walitupa nambari ya kuazima, ya siku thelathini,
ndefu, haina sura, kama jina la mgeni wa mgeni.
"Jaribuni kwanza," alisema Faki fundi, akifuta jasho ukumbini.
"Ile yenu ya zamani msiiguse.
Nambari ikishahama, waya hufa. Haurudi."

Basi nyumba yetu ya Wete ikawa na simu mbili:
ya kale juu ya kabati, kijivu, nzito kama pasi ya mkaa,
kitambaa cha kufuma kichwani mwake;
na chini yake kidude cheupe
chenye vitaa vitatu vya kijani, vikikonyeza usiku kucha.
Mama alikifunika kanga.
"Sitaki kuangaliwa nikilala."

Jaribio la kwanza: mimi uani, yeye ukumbini,
hatua kumi na mbili baina yetu.
Nikapiga. Sauti yangu ikenda nchi aijuayo Mungu,
ikageuka, ikarudi hatua kumi na mbili,
na kabla haijafika nilimsikia dirishani kwa mdomo wake:
"Haloo? Nani?"
"Mimi, mama."
"Wewe upo hapo uani, nnakuona. Huyu wa humu ndani nani?"

La pili, tukampigia Ami Mbwana, Maskati.
Alisikika kama aliyekaa ukingoni mwa kitanda.
Mama akakunja uso. Mara tatu aliuliza:
"Uko mbali wewe?"
"Niko pale pale, shemeji, mwaka wa arubaini huu."
Alipoweka chini akaniambia:
"Sauti yake haina vumbi."

Yeye umbali aliujua kwa ule mchakacho,
ule mvumo wa waya kama mchele unaopetwa.
Hapo ndipo ulipojua mtu kasafiri,
ukapaza sauti, ukasema la maana, ukakata.
Huyu Mbwana asiye na vumbi
alizungumza bei ya vitunguu saa nzima.

La tatu hatukulipanga.
Jumatano umeme ulikatika, Wete nzima giza,
vitaa vitatu vikafumba macho kwa pamoja,
nami napapasa kutafuta kibiriti
ndipo ya kale ikalia.
Ikalia kama haijui kuna giza.
Mwanamme, kikohozi kwanza, kutoka Tanga:
"Nipe Masoudi. Mwambie Shehoza, wa kiwandani."

Baba ana miaka kumi na mmoja kaburini.
Mama alishika mkono wa simu kwa mikono miwili.
"Hayupo," alisema. Kisha: "Hayupo tena, ndugu yangu."
Mchele ukapetwa, ukapetwa.
Halafu yule mtu akasema nambari hii aliiandika
ndani ya kifuniko cha sanduku, mwaka alioondoka Pemba,
na vitu vyote vimekwisha, sanduku limebaki.

Fomu ilikaa mezani siku sita, chini ya kopo la sukari.
Nilihesabu bili ya waya, nikahesabu dawa za presha,
nikahesabu tena kuanzia mwisho.
Siku ya ishirini na tisa aliitoa mwenyewe.
"Nambari ni ile ile?"
"Ile ile. Tarakimu kwa tarakimu."
"Mwenye kufungua sanduku lake atanipata?"
"Atakupata. Ila umeme ukikatika..."
"Ukikatika, angoje. Mimi nimengojea mangapi."
Akatia saini, mkono ukitetemeka kidogo kwenye R.

Faki alikuja na waya mfupi, si zaidi ya shubiri,
akaiunganisha ile ya kijivu na kidude cheupe.
"Inakubali," alisema, kama mshenga.

Siku hizi ikilia, mlio ni ule ule.
Mama huondoa kitambaa, huinua,
na kabla ya haloo husogeza mdomo
akapuliza polepole, fuuu,
amtilie mwenziwe vumbi kidogo,
ajue kwamba ametoka mbali.