Mpima Asali

Miaka thelathini na moja nilisimama nyuma ya mizani
pale ghala la ushirika, Sikonge.
Asali iliingia kwa ndoo, nta na nyuki wafu juu,
nami nikasema: kumi na nane na robo. Toa uzito wa ndoo.
Hakuna aliyebisha.

Sasa dada wa Kitete ananifunga mkono,
mpira unavimba, unapumua,
anaandika namba asiyonisomea.
Pombe je, baba Kapela?
Kiasi, nikajibu.
Kalamu yake ikasubiri.
Kiasi gani?

Na mimi, mpimaji,
sikuwa na jawabu.

Nyumbani Isevya nikachukua kikombe changu cha bati,
kile chenye kutu mdomoni,
nikakijaza maji, nikayamimina kwenye chupa ya soda:
chupa ikajaa, nayo nusu nyingine ikabaki.
Kumbe "kimoja" changu kimedanganya tangu ndoa.

Nikafungua daftari.
Jumatatu: wanzuki, kikombe. Ugali nilimaliza,
na mlenda, na uyoga wa mvua ya kwanza.
Jumanne: viwili. Ugali nusu.
Nyanzala akafunika bakuli bila neno;
kifuniko ndicho kilichosema.
Jumatano: viwili, na "kidogo" cha Mlekwa.
Karanga tu. Usiku wa manane macho kodo,
kinywa kikavu kama gome la mninga,
moyo ukigonga kama treni ya Mpanda
kwenye maungio ya reli.
Alhamisi: sifuri.
Njaa ilinikuta kabla ya adhana ya magharibi,
njaa ya kijana, ya aibu.

Mlekwa hucheka: asali ni dawa,
babu zetu walikunywa wakafika tisini.
Ndiyo, namwambia, waliofika.
Wasiofika hatukuwauliza.

Wanzuki hushibisha kama mgeni
aliyekalia kiti cha mwenye nyumba:
hali, hapiki, haondoki,
na mboga inapoa.

Sijaacha. Nisikudanganye.
Jumapili, nikishakula, nanywa nusu,
kwanza naiinua dirishani niione rangi,
na harufu ya moshi wa mzinga inanirudisha porini.

Juzi dada akauliza tena: kiasi gani?
Nikamfungulia daftari.
Akasoma kimya, ukurasa kwa ukurasa,
hadi penye doa linalonata,
pasipo na namba.
Na hapa?

Hapo, dada,
mizani ilikuwa kwa Mlekwa.