Kubisha

Tanga langu sasa linaanikiwa udaga.
Nyangeta alilikata vipande viwili kwa mkasi wa cherehani.
Aliniuliza kwanza, ndiyo,
ila aliniuliza mkasi ukiwa tayari mkononi.

Bega la kulia ndilo lililoamua.
Mwezi wa tatu, nikivuta demani, nikasikia kitu ndani
kikilia kama mlango wa masijala,
na daktari pale Bugando akaitazama picha
muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.
"Mzee, una miaka mingapi?"
Hamsini na tisa.
"Basi," akasema, akaandika vidonge.

Boti nimeinunua Mwaloni, Kirumba,
kwa Lugumila, mnunuzi wa sangara:
milioni nne na laki mbili pamoja na injini,
nguvu ya farasi kumi na tano,
wawili watatu kati yao, nadhani, walishakufa.
Ubavuni pameandikwa kwa rangi nyekundu MDAIWA SUGU.
Nilikuja na kopo la rangi nyeupe nipafute,
nikaukumbuka mkopo wa SACCOS,
nikalirudisha kopo stoo.

Miaka thelathini na mmoja ofisi ya ardhi
nimechora mistari iliyonyooka,
jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka,
kwa rula ya chuma na wino, baadaye kwa kompyuta.
Jumamosi nilishuka Igombe kwenda kupinda.
Upepo wa usiku ukichoka kabla sijafika kati,
nilibisha:
kushoto, kulia, kushoto tena,
Nansio iko mbele, nami naelekea kila mahali
isipokuwa Nansio.
Watoto wa dada yangu walikaa juu ya mawe
wakihesabu tanga likigeuka, la saba, la nane,
ndipo mama yao ateleke sufuria.

Kubisha ni kazi ya asiye na nguvu za kulazimisha.
Unambishia upepo kwa adabu,
unampa kidogo, unamnyima kidogo,
kama unaomba punguzo la kitenge
na muuzaji anajua kwamba utanunua.

Safari ya kwanza na boti: saa moja na dakika ishirini.
Nilinyoosha mstari kama niko kazini.
Minandi waliruka kabla sijawaona vizuri.
Nilifika dada angali na mswaki mdomoni,
sufuria ya jana haijaoshwa,
nami sina neno,
maana yale ya kumwambia,
lile shamba la baba, nani anataka kuuza, nani hataki,
huwa nayapanga njiani
kati ya geuko la tatu na la sita.
Tukatazamana.
"Umekimbia nini?" akaniuliza.

Wakati wa kurudi, magugu maji yakaikaba pangaboi.
Injini ikakohoa, ikanyamaza.
Hapo shingo yangu ikageuka yenyewe, bila kuniomba ruhusa,
kuupima upepo kwa sikio la kushoto.
Ulikuwepo. Wa alasiri, mnene, unatoka Ukerewe,
unasukuma kule kule ninakokwenda,
na mimi sina hata shuka la kuupa.
Niliyakata magugu kwa kisu cha samaki.
Kazi ya dakika tano.
Nilikaa arobaini.
Kisha nikavuta kamba, kwa mkono wa kushoto,
mara nne, ya tano ikawaka.

Mwakani mwezi wa saba natoa funguo za ofisi.
Nyangeta anasema hana shida,
ila anataka kujua mapema nitakuwa nabishana na nani.
Nikamwambia, tutaona.
Akasema, "Tutaona nani?"

Kila asubuhi anatandika kile kipande chenye viraka,
anamwaga mihogo, anaweka mawe manne,
moja kila pembe, kama kiwanja kilichopimwa.
Kufika saa tisa, hata hivyo, katikati hututumka,
udaga unarukaruka,
na vipande kadhaa hudondoka nje ya mpaka,
upande wa ziwa.
Yeye huniita nikaokote.