Upande Wako Vipi?

Jorma alinipigia simu kutoka Oulu:
mlango wa banda la kuni umepata rangi ya buluu,
na gari la baba, taa ya kulia, limepata rangi ya banda.
"Wamepeana mikono," akasema, akicheka
kicheko kifupi cha mtu asiyetaka kufika la pili.

La pili tulilijua sote.
Paka tunamwona, kengele tunayo,
ila daktari aliandika "apimwe tena baada ya miezi sita",
nasi tukajificha nyuma ya karatasi ile
kama watoto nyuma ya pazia, miguu nje.

Nikapanda treni, kisha basi.
Theluji ilikuwa ya magoti.
"Umekuja kunipeleleza," alisema baba,
akanifungulia mlango wa abiria.

Kilomita thelathini na moja hadi dukani.
Aliushika usukani kama alivyoushika msumeno
miaka arubaini: hakubana, hakulegeza.
Kwenye kona ya kinamasi akapunguza mwendo
kabla mimi sijaona kitu,
ndipo kulungu wa theluji watatu wakatoka msituni,
wakavuka taratibu, wenye barabara yao.
Nikaanza kumtungia Jorma ujumbe kichwani:
Mwacheni mzee.

Kisha njia panda ya Hietavaara.
Akasimama. Akatazama kushoto, shingo yote ikaenda.
Kulia haikwenda.
Tangu mti ule wa mwaka wa tisini na moja
shingo yake haijui kulia.
Macho mbele, kwa sauti isiyokuwa yangu,
akauliza,
"Upande wako vipi?"

Sisi tulidhani mama hakuwa na leseni.
Alikuwa na nusu yake.
Alikaa hapa nilipokaa, sufi mapajani,
anafuma soksi za wajukuu wasiozivaa,
na kila njia panda, sindano zikiendelea,
"Subiri." "Bado." "Sasa."
Tulikuwa nyuma, tunagombania dirisha,
tukidhani anahesabu mishono.

Machi tulimzika Hilkka,
tukamzika na upande wa kulia wa barabara.

Na tangu Machi?
Nikaziona njia panda zote alizozipita peke yake,
akikiuliza kiti,
akikingoja kidogo, kwa adabu,
kisha akiingia.

"Subiri," nikasema.
Lori la magogo likapita, likatutikisa hadi meno,
likatupiga theluji usoni mwa kioo.
Vifutio vikaenda, vikarudi.
"Sasa."

Tulikuwa tumeshapita kanisa aliposema,
"Mama yako angesema mapema zaidi."
"Najua, baba."
"Na wewe Jumapili unarudi kwako."
"Narudi."
Hatukuongeza neno.
Hotuba niliyoiandaa tangu kwenye treni,
yenye takwimu, yenye bei za teksi za manispaa,
ilibaki mfukoni pamoja na tiketi.

Dukani alinunua kahawa, betri za redio,
samaki wa chumvi, na peremende zile za mama
ambazo yeye hazipendi.
Tulipotoka alilizunguka gari polepole,
kiganja juu ya boneti,
kama mtu apitaye nyuma ya ng'ombe wake asimshtue,
akafungua mlango wa kulia, akakaa.
Funguo aliniwekea juu ya paa. Nikazichukua zikiwa barafu.

Hietavaara tena, mara hii kutoka huku.
Nikasimama.
"Upande wangu tupu," akasema baba,
bila kugeuka, kwa kuwa hawezi kugeuka,
macho mbele, peremende shavuni.
Nikageuka, nikatazama mwenyewe.
Palikuwa tupu.

Nyumbani akatundika funguo kwenye msumari wake,
akatoka tena gizani na ule waya wa umeme
wa kupashia injini moto,
akauchomeka, akaujaribu kwa kidole.
"Kesho baridi," akasema.
Simu ilikuwa ikiita. Jorma.
Nikaiacha iite.