Soketi ya Mtakatifu Yosefu

Wodini soketi ni za mashine.
Sisi wauguzaji tunaambiwa, "Nendeni kwa Yosefu,"
na kila mtu hapa mlimani Kilolo anaelewa.

Kanisa ni dogo, kama ghala la mahindi,
limebanwa kati ya leba na maabara.
Juu ya mlango lipo jina la padri aliyelijenga,
yaani aliyesimama huku wengine wakijenga.
Babu yangu alipandisha matofali haya kichwani
toka tanuru la bondeni, akalipwa chumvi.
Hakuingia. "Niliishia mlangoni," alikuwa akisema,
"mzigo wangu ndio ulioingia."

Nyuma ya sanamu, chini ya msumeno
uliotafunwa meno na mchwa,
fundi wa umeme aliacha matundu mawili.
Tangu siku hiyo seremala wa Nazareti analinda simu.
Usiku huu ni kumi na saba, nimezihesabu:
vitochi vilivyofutika namba,
kioo kilichopasuka kama tope la kiangazi,
betri iliyofungwa kwa mpira wa tairi,
na moja yenye plasta ya hospitali mgongoni:
*Lutangilo, wodi ya tatu.*

Mimi ni Mlutheri wa Ukwega.
Sijui nipige goti lipi, basi nimekaa tu
kwenye benchi lenye mabonde mawili
yaliyochimbwa na magoti ya watu.
Hapa hewa ni nusu ubani, nusu dawa ya mashuka.
Ukungu wa Julai umepita chini ya mlango
na hakuna aliyeuuliza dini yake.
Ng'ambo ya ukuta mwanamke anamwita mama yake
kwa Kihehe, kisha anamtukana mumewe
kwa Kiswahili fasaha.

Saa nane simu ya Lutangilo ikaita.
*Nyumbani*, iliandika. *Nyumbani.*
Kitanda chake kilikuwa jirani na cha baba.
Tangu magharibi godoro limekunjwa.
Ikaita, ikakata. Ikaita.
Nilitazama mikono yangu kama ya kuazima.

Sista Redempta Sekinyaga akaingia
na mabuti yake meupe ya mpira,
akapokea.
"Kamwene," alisema.
Akauliza habari za watoto,
akauliza mahindi, kama yamekauka shambani,
akauliza ng'ombe mwenye jicho bovu
(kumbe marehemu alimsimulia hata hilo),
akauliza barabara, kama gari linafika.
Hakuharakisha neno hata moja.
Mwishoni akasema:
"Basi, njooni. Watu wazima watatu.
Mje na blanketi."

Upande wa pili kulikuwa kimya,
halafu sauti ya mtu anayeweka kitu chini taratibu,
sufuria labda, au mtoto.

Sista akaifuta simu kwa kona ya aproni,
akaivingirishia chaja yake,
akaitia mfukoni pamoja na rozari na bomba la sindano.
Akanitazama.
"Tundu lipo wazi. Chomeka ya baba yako."

Nikachomeka. Asilimia nne.

Babu, nilikaa humo mpaka kukakucha.
Ndani. Kuna baridi kuliko ulivyodhani,
na matofali yako, ukiyagusa kwa kiganja,
upande wa leba yana joto kidogo.