Rundo la Mawe

Herminio hupanga njia za Lisboni
akiwa juu ya kigoda cha shibiri moja,
nyundo kulia, jiwe kushoto,
shingo imeinamia chini
tangu mwaka aliponioa.

Jeupe, jeupe, jeusi: gonga.
Kila jiwe hulipindukia upande uleule,
kwenye rundo lililo nyuma yake.
Nilimwambia, "Lisogeze mbele."
Akacheka: "Baba aliliweka huku."

Usiku nampaka dawa,
nahesabu pingili za mgongo kwa kidole gumba.
Ya nne kutoka chini imetoka mstarini.
Angeiona njiani
angeing'oa, akaipanga upya.

Wiki hii ni zamu ya mtaa wetu.
Leo katoka amejishika kiuno.
Nikachungulia dirishani:
kabla hajakaa
alilisukuma rundo kwa mguu,
mbele,
shibiri moja tu.