Juu Kidogo ya Maji

Kopo namba kumi na nne nimelifunga kwa waya
kwenye mkuyu uliopasuka, msitu wa Kiboriani,
saa tatu kwa miguu kutoka Mpwapwa mjini.
Lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Nimelipaka rangi nyeusi,
nimetia maji yaliyolala na majani siku saba
mpaka yakanuka kama mtungi uliosahauliwa,
na ndani, ukutani, kipande cha kitambaa cheupe.
Hiyo ndiyo kazi yangu: kuwatandikia kitanda cha uzazi
mbu wasionijua.

Daktari Mhembano alinifundisha siku ya kwanza:
usitazame majini. Huyu wa msituni hatagi majini.
Hutaga juu kidogo, upana wa kidole,
penye gome lenye giza na unyevu,
mahali ambapo maji hayajafika
na huenda yasifike.
Yai likitoka ni jeupe. Ukimaliza kula kiporo chako
limekwisha kuwa jeusi, gumu, dogo kama vumbi la penseli,
na hapo linaanza kungoja.

Linangoja Juni. Linangoja Agosti, upepo unapochubua midomo
na ng'ombe wanalamba tope la lambo.
Oktoba tundu limekauka, buibui amehamia.
Novemba mawingu yanapita yakienda kunyesha kwa wengine,
nalo bado limo.
Mvua ya Desemba ikija, maji yakapanda yakayafunika,
baadhi hufunguka. Baadhi tu.
Mengine hulala vilevile chini ya maji, yamefumba,
kama wakulima wa Chunyu waliokwisha kudanganywa
na mvua ya kwanza.

Tena hatagi yote tundu moja.
Haya niliyahesabu mwenyewe, kwa lenzi ya mkononi:
kopo la tisa, mayai kumi na moja.
La kumi na nne, sita.
La ishirini, ng'ambo ya korongo, manne.
"Huenda ni mama mmoja," alisema Daktari,
"anagawanya. Hajui tundu lipi litajaa."
Nikaandika daftarini: 11, 6,
kisha kalamu ikanigomea.

Sisi tulikuwa wanne.
Mwaka ule uwele ulipokauka ukiwa na urefu wa goti
mama alitufungia kila mmoja furushi lake.
Lemanya akapelekwa Kongwa, kwa mjomba mwenye mashine ya kusaga.
Chilewa alipanda lori la chumvi hadi Manyoni.
Mimi Mvumi, kwa shangazi aliyenihesabia vijiko.
Matika akabaki, kwa kuwa alikuwa bado ananyonya.
Mama hakulia. Alitutazama mmoja mmoja, akarudi ndani.
Miaka yote nilidhani alitutupa.

Mvua iliporudi, tulirudi watatu.
Matika aliondoka na homa mwezi wa pili.
Homa gani, hakuna aliyejua;
zahanati ilikuwa na panadoli na kalenda.

Sitaki mtu aniambie mbu ni kama mama yangu.
Mbu ni mbu. Ana damu ya kima tumboni,
kesho ataitafuta yangu,
na ndani ya damu ile huenda mna kitu
wanachokisaka Dodoma mjini, kwenye chumba chenye baridi
ambamo siruhusiwi kuingia na viatu.
Kila jioni, idadi ikishachukuliwa, ninachemsha maji.
Vitambaa vyote vinaingia sufuriani.
Sijawahi kubakiza kimoja.

Ila leo, kopo la kumi na nne,
nimekuta mstari mpya,
mayai mawili bado meupe.
Nikakaa juu ya jiwe, kitambaa kiganjani,
nikiyatazama yakiingia weusi.
Wa kwanza akawa hivi, wa pili akawa hivi,
na jua likanipita bila kuaga.

Simu ilikuwa imebakiza chaji kidogo.
Nikampigia mama.
Hakuuliza habari za kazi. Aliuliza,
"Huko kumenyesha?"
Nikasema bado.
"Na hapa bado," akasema,
na hakukata.