Kifiati

Mtaa unaitwa Mafiati, nikacheka,
maana Ambakisye ameniletea kimoja tu,
rangi ya maziwa ya mgando,
kimejibanza nyuma ya trekta kama ndama.

"Cha daktari Mwitaliano," anasema,
akikifuta vumbi kwa kofia.
"Usukani kushoto. Wateja wa hapa hawautaki."

Kwetu Lubumbashi usukani uko hukohuko.
Nikaketi kama niliyefika nyumbani,
kisha barabara ikanikana:
hapa watu hupita kushoto,
na lori la shaba, namba za kwetu,
likanipigia honi hadi meno yakaniuma.

Magoti yakasalimiana na kidevu.
Tukaiacha Uyole, tukashika njia ya Isyonje,
gia ya tatu,
ya pili,
injini ikilia kama cherehani ya marehemu mama
usiku wa kuamkia Krismasi.
Ya kwanza.
Akina mama wa viazi wakatupita kwa miguu,
mmoja akatupungia.

"Kinapanda kweli?"
"Kinapanda. Hakipendi tu kuharakishwa."

Juu, ukungu umelalia lami.
Nikazima. Baridi ikapenya
kwenye tundu palipokuwa na redio.
Nilivuka Tunduma kufuata mbegu za viazi,
na pesa ya mbegu iko soksini.

Ambakisye hakutaja bei.
Alipangusa kioo kwa kiganja,
akapangusa tena palepale.

Tukateremka taratibu, yeye akitazama mashamba,
mimi nikihesabu upya magunia.